Viza ya Schengen kutoka Mwanza: duka, Lipa Namba na pesa ya kuazima

Swali: Nina duka la vitenge Mwanza, mwaka wa saba sasa. Mdogo wangu wa kike anaishi Rotterdam na ametualika, mimi na mwanangu wa miaka 9, tukakae naye kuanzia tarehe 10 hadi 29 Juni, na katikati tuchomoke siku nne kwenda Paris. Sijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Tuombe viza Uholanzi au Ufaransa? Mauzo yangu mengi yanapita Lipa Namba, benki hakuna kitu cha maana. Jirani yuko tayari kuniazima milioni 15 niziweke kwenye akaunti wiki mbili mpaka viza itoke. Je, nikate tiketi kwanza? Na mdogo wangu anataka nimpelekee dagaa na samli.

Jibu: Dada, naanza na hizo milioni 15 kwa sababu ndizo zinazoweza kuharibu mengine yote. Usiziweke.

Anayesoma maombi yako haangalii salio la siku ya mwisho tu. Ana taarifa ya benki ya miezi mitatu hadi sita mbele yake, na anapitia mistari. Akiona akaunti inayoingia laki mbili na kutoka laki moja na nusu, halafu tarehe fulani ya Aprili zinaingia milioni 15 kwa mkupuo kutoka kwa mtu binafsi, hahitaji kuwa mpelelezi. Atajiuliza pesa hizo ni za nani, na wajibu wa kumjibu ni wako. Ukishindwa, tatizo lako halibaki kuwa pesa haitoshi. Linakuwa shaka juu ya ukweli wa maelezo yako, na kwenye barua ya kukataliwa hizo ni sababu mbili tofauti. Ya kwanza hutibika kwa kuongeza pesa. Ya pili inakufuata kwenye maombi yajayo, kwa sababu nchi zote za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotoa viza moja ya pamoja, zinatumia hifadhi moja ya kumbukumbu za viza, na ombi lako hukaa humo hadi miaka mitano.

Isitoshe, kiasi kinachotakiwa ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Uholanzi inahesabu euro 55 kwa mtu kwa siku. Tarehe 10 hadi 29 Juni ni siku 20, maana siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa. Siku 20 mara watu wawili mara 55 ni euro 2,200. Zidisha kwa bei ya euro ya siku hiyo na utaona ni pesa ambayo duka la vitenge la miaka saba linaweza kuionyesha bila kuazima kwa mtu. Kazi iliyopo ni kuifanya ionekane.

Kuionyesha pesa ya duka

Kuanzia wiki hii, hamisha mauzo ya Lipa Namba kwenda benki mara mbili au tatu kwa wiki, na malipo ya mzigo yatoke huko huko benki. Ukiomba viza baada ya miezi mitatu au minne, taarifa yako itaonyesha pesa inaingia, inanunua mzigo, inalipa pango, inabaki kidogo, inaingia tena. Hivyo ndivyo biashara hai inavyoonekana kwenye karatasi. Salio lililojengeka taratibu lina nguvu kuliko milioni 20 zilizotua jana.

Pamoja na hiyo, omba taarifa ya miamala ya Lipa Namba ya miezi sita kutoka kwa mtandao wako wa simu, yenye jina na kipindi, na muhuri kama wanautoa. Hapa kuna kosa ambalo linawaangusha wafanyabiashara wengi wa kweli: Lipa Namba imesajiliwa kwa jina la duka, pasipoti ina jina lako, na hakuna karatasi hata moja inayosema kwamba hilo duka ni lako. Msomaji aliye mbali hawezi kukisia. Weka cheti cha BRELA cha usajili wa jina la biashara pamoja na taarifa zinazoonyesha mmiliki, leseni ya biashara ya halmashauri na cheti cha TIN, na hakikisha jina limeandikwa vilevile kote. Kama leseni inasema Neema J. na pasipoti inasema Neema Joseph, eleza kwenye barua yako kwamba ni mtu mmoja, au rekebisha leseni kabla.

Kwa upande wa TRA, ambatanisha hati ya kutodaiwa kodi na risiti za malipo ya kodi ya mwaka huu. Ila kwanza uziangalie wewe mwenyewe. Kama makadirio ya TRA yanasema duka linauza milioni 10 kwa mwaka, na Lipa Namba inaonyesha milioni 10 kwa mwezi, umempelekea afisa karatasi mbili zinazogombana. Nenda TRA, sawazisha hesabu zako, ndipo uombe viza. Najua si ushauri unaopendwa, lakini ni nafuu kuliko kukataliwa.

Kisha mkataba wa pango la fremu. Mkataba unaoendelea mpaka Desemba au zaidi, ukiwa na risiti ya kodi uliyolipa, unaeleza vizuri kwa nini utarudi Julai: una fremu uliyoilipia na mzigo ndani yake. Ongeza maelezo mafupi ya nani ataliangalia duka ukiwa safarini. Afisa anayejiuliza kama utarudi anatafuta vitu vya aina hiyo, kuliko hati ya kiwanja ambacho kitabaki hapo hapo hata usiporudi. Hati ya nyumba au kiwanja iweke kama unayo, haidhuru, lakini usiitegemee peke yake.

Uholanzi au Ufaransa

Uholanzi. Sheria ni kwamba unaomba kwa nchi ambayo ndiyo lengo kuu la safari, yaani unakokaa siku nyingi zaidi au lilipo kusudi lenyewe. Kwako vyote viwili viko Rotterdam: siku 16 na mdogo wako. Nchi ya kuingilia kwanza inatazamwa pale tu siku zinapolingana na hakuna kusudi lililo kubwa kuliko jingine. Watu wengi wanaishika kanuni hiyo kinyume, wanaogopa kukata ndege inayotua Paris kwa viza ya Uholanzi. Hakuna kosa. Viza ya Uholanzi inakubalika katika nchi zote 29 za Schengen, zikiwemo Uswisi na Norwei ambazo haziko kwenye Umoja wa Ulaya. Ireland na Kupro hazimo. Uingereza pia haimo.

Usichofanya ni kuomba ubalozi wenye miadi ya karibu au unaosemekana kuwa "rahisi" halafu ukapanga safari ya kujifanya. Hoteli ya siku 12 Roma kwa mtu ambaye ndugu yake yuko Rotterdam inajitangaza yenyewe.

Kuhusu anayeamua: karatasi zako utazikabidhi katika kituo cha kupokea maombi Dar es Salaam, lakini wafanyakazi wa pale hawaamui chochote. Wanapokea, wanachukua alama za vidole, wanasafirisha. Maamuzi ya viza za Uholanzi kutoka nchi nyingi hufanyikia Den Haag, kwenye wizara yao ya mambo ya nje. Anayekusoma hajawahi kuona Makoroboi ya Mwanza wala hajui kitenge kinauzwaje. Kwa hiyo andika barua ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza: wewe ni nani, unafanya biashara gani tangu lini, unakwenda kwa nani, tarehe zipi, utalala wapi kila usiku, nani analipa nini, nani anabaki na duka, na kwa nini akaunti yako ya benki ilikuwa nyembamba kabla ya mwezi fulani. Sentensi hii ya mwisho ni muhimu sana kwako. Mabadiliko yaliyoelezwa hayatishi, yanayotisha ni yale ambayo msomaji anayagundua mwenyewe. Karatasi zilizo kwa Kiswahili pekee zitafsiriwe na mfasiri anayetambulika, na nakala ya Kiswahili iambatane.

Upande wa mdogo wako

Barua ya mwaliko iliyoandikwa kwa mkono mzuri haitoshi. Uholanzi ina fomu yake ya udhamini na malazi ya kwa mtu binafsi, ambayo mdogo wako anaijaza, na sahihi yake inathibitishwa manispaa ya Rotterdam. Fomu hiyo ina sehemu mbili na ni lazima mwamue mapema. Sehemu ya malazi inasema mtalala kwake. Sehemu ya udhamini inasema yeye ndiye atakayebeba gharama zenu, na hapo anatakiwa aonyeshe kipato kisichopungua kima cha chini cha mshahara cha Uholanzi, kinachoonekana kitaendelea walau miezi 12 mbele. Maana yake ni mkataba wa kazi na karatasi za mshahara za miezi mitatu ya mwisho. Kama mkataba wake unaisha Oktoba, udhamini wake una pengo.

Mimi ningewashauri hivi: kama kipato chake kinakidhi, ajaze zote mbili, na wewe bado uweke karatasi zako zote za biashara kama vile hakuna mdhamini. Udhamini unajibu swali la nani atalipa. Haujibu swali la kama utarudi. Kuna watu wanakuja na mdhamini mwenye mshahara mnono na faili lao wenyewe tupu, halafu wanashangaa wamekataliwa kwa sababu ya "kutokuwa na uhakika wa nia ya kuondoka". Hakuna cha kushangaza.

Akutumie pia nakala ya pasipoti yake au kadi yake ya ukaazi, na muonyeshe kwamba kweli ni ndugu: vyeti vyenu viwili vya kuzaliwa vyenye majina ya wazazi walewale. Kama yeye alibadili jina alipoolewa, cheti chake cha ndoa kiwemo, la sivyo undugu wenu hauonekani popote.

Mtoto

Mwanao anahitaji pasipoti yake mwenyewe, fomu yake mwenyewe na faili lake mwenyewe. Weka cheti cha kuzaliwa, na ridhaa ya baba kwa maandishi iliyosainiwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo, ikitaja jina la mtoto, namba ya pasipoti, nchi mnazokwenda, tarehe na jina lako, pamoja na nakala ya kitambulisho cha baba. Kama baba amefariki ni cheti cha kifo. Kama mmeachana na una malezi peke yako ni amri ya mahakama. Kama baba hajulikani alipo na hakuna amri yoyote, anza na mahakama au ustawi wa jamii sasa hivi, kwa sababu hilo halimalizwi wiki ya mwisho.

Ridhaa hiyo ibebe na safarini, nakala halisi. Askari wa mpakani wa Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, wanafuatilia sana watoto wanaosafiri na mzazi mmoja, na wanaweza kumuuliza mtoto mwenyewe mnakwenda kwa nani.

Umechagua Juni vizuri, maana shule nyingi zinakuwa kwenye likizo ndefu ya katikati ya mwaka. Chukua barua ya mwalimu mkuu inayosema mtoto ni mwanafunzi wa darasa fulani na shule inafunguliwa tarehe fulani ya Julai. Hiyo nayo inasema mnarudi.

Pasipoti, picha, bima

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai walau miezi mitatu baada ya siku mnayotoka Schengen, kwenu ni mpaka 29 Septemba, na iwe na kurasa mbili tupu. Kama inaisha kabla ya Desemba, mimi ningeibadili tu; mashirika ya ndege wakati mwingine yanakuwa makali kuliko sheria yenyewe. Picha ni milimita 35 kwa 45, ya rangi, uwanda mweupe au wa kijivu hafifu, isiyozidi miezi sita. Mwambie mpiga picha vipimo hivyo kwa kutaja namba, usiseme tu "pasipoti saizi". Ushungi wa dini si tatizo mradi uso unaonekana kuanzia kidevu hadi paji.

Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, na igharimie matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani ukiugua au ukifariki. Kila mmoja wenu awe na yake au majina yote mawili yawemo kwenye cheti. Nunua kwa kampuni inayorudisha pesa ukionyesha barua ya kukataliwa viza, na uliza hilo kabla ya kulipa.

Tiketi, na tarehe moja inayosumbua

Usinunue tiketi isiyorudishika kabla ya viza. Kinachotakiwa ni nafasi iliyowekwa, yenye majina yenu na namba ya kumbukumbu. Lakini iwe nafasi ya kweli. Vishoka wanaouza "bukingi ya viza" kwa elfu thelathini mara nyingi wanaweka nafasi inayojifuta baada ya siku mbili tatu. Afisa akiiangalia wiki ya pili haipo. Afadhali tiketi inayorudishika kwa makato, au nafasi ambayo shirika la ndege linakubali kuishikilia kwa malipo kidogo. Hoteli ya Paris ni rahisi zaidi: weka inayoweza kufutwa bure, kwa majina yenu wote wawili, na uweke pia mpango wa treni au basi la kutoka Rotterdam. Usiifute kabla ya majibu.

Sasa tarehe. Ndege nyingi za kwenda Ulaya zinaondoka Dar usiku na kufika asubuhi. Ukitaka kufika tarehe 10, unapanda tarehe 9. Kwenye fomu wanauliza siku ya kuingia eneo la Schengen, kwa hiyo ni tarehe 10. Watu wanaandika 9 kwenye fomu, bima inaanza 10, mdogo mtu ameandika 11 kwenye fomu yake kwa sababu ndiyo siku atakayoanza likizo kazini, na hoteli ina tarehe nyingine kabisa. Kila karatasi peke yake ni sahihi kiasi. Zikiwa pamoja zinaonekana kama zimetungwa na watu wanne wasiojuana. Kaa chini siku moja, tandika karatasi zote mezani, na angalia tarehe, majina na anwani ya Rotterdam mstari kwa mstari: fomu mbili, bima, tiketi, fomu ya mdhamini, barua yako, ridhaa ya baba. Kazi hii ya saa moja ina thamani kuliko muhuri wowote wa kununua.

Angalia pia njia. Tiketi ya bei nafuu inayobadilisha ndege London ni mtego, kwa sababu Mtanzania anahitaji viza ya Uingereza ya kupita uwanjani hata kama hatoki nje ya jengo. Hali ni hiyo hiyo kwa Mkenya, Mganda, Mnyarwanda na Mrundi. Doha, Istanbul au Addis hazina tatizo hilo kwa anayebadilisha ndege bila kutoka. Na kwa wasomaji wetu wa Kongo ya Kinshasa (DRC): ninyi mpo kwenye orodha ya wanaohitaji viza ya kupita uwanjani hata kwenye viwanja vya Schengen, mkiwa njiani kwenda nchi nyingine.

Miadi na gharama

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Kwenu mlango unafunguka tarehe 10 Desemba. Muda wa kawaida wa kuamua ni siku 15 tangu ombi lipokelewe, unaweza kufika 45 wakihitaji kuchunguza. Miadi ya msimu wa kiangazi cha Ulaya inajaa, hivyo lenga kukabidhi karatasi mwezi wa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Hapo akaunti yako itakuwa na historia, na hata zikitumika siku 45 bado una nafasi ya kupumua. Miadi ukiikosa leo, angalia tena asubuhi na usiku, watu wanafuta. Usimlipe mtu anayesema ana "mlango wa ndani".

Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya miaka 6 ni bure. Kwenu ni euro 135, na juu yake ada ya huduma ya kituo kwa kila mmoja, ambayo kwa kawaida haizidi nusu ya ada ya viza. Ukikataliwa hairudi. Huduma za pembeni za kituo, kama ujumbe wa simu au chumba maalumu cha kusubiria, haziongezi nafasi ya kupata viza hata kidogo.

Wewe utatoa alama za vidole vyote kumi, kwa hiyo kuja Dar mwenyewe ni lazima. Mtoto wa chini ya miaka 12 hachukuliwi vidole, lakini wakati wa kuweka miadi uliza kama wanamtaka awepo. Alama zako zitatumika tena kwa maombi mengine ndani ya miezi 59. Kama mikono yako ina hina nzito au vidole vimekatwakatwa, subiri vipone kwanza. Mashine ikikataa unarudia safari ya Dar.

Ukishaipata, isome

Stika ya viza inayobandikwa kwenye pasipoti ina vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya. Kwako huenda ikaandikwa: halali kuanzia 10-06 mpaka 14-07, muda wa kukaa siku 20, kuingia mara 01. Ile 14 Julai si ruhusa ya kukaa mpaka 14 Julai. Zimeongezwa siku 15 za ahueni, ili ndege ikihamishwa usiharibikiwe. Unazo siku 20 ndani ya dirisha hilo, basi. Ukiingia tarehe 10 unatoka kabla ya tarehe 29 kuisha. Ukichelewa kuingia mpaka 12, unaweza kutoka Julai mosi, mradi bima nayo ifike huko. Na kuingia mara 01 maana yake ukitoka nje ya Schengen, tuseme umetamani siku moja London, viza imekwisha. Paris haihusiki, ni ndani kwa ndani.

Zamani mtu aliyezidisha siku mbili alitegemea mihuri isiyosomeka. Tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kutumia mfumo wa kielektroniki mipakani: wanapiga picha ya uso, wanalinganisha vidole na vile ulivyotoa kwenye viza, na kompyuta inahesabu siku yenyewe. Huduma hiyo ni bure.

Stika ikishakaguliwa na makosa ya jina au tarehe yakaripotiwa mapema ili yarekebishwe, kumbuka kwamba viza haikuhakikishii kuingia. Askari wa mpaka ana haki ya kuuliza tena: unakwenda kwa nani, una pesa kiasi gani, tiketi ya kurudi iko wapi, bima iko wapi. Kwa hiyo faili lisiingie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Liwe mkononi, na namba ya simu ya mdogo wako iwe imeandikwa kwenye karatasi, maana simu huzima chaji hapo hapo kwenye foleni.

Wakikataa

Barua ya kukataliwa ina sababu zilizotiwa alama, pamoja na maelezo. Kwa Uholanzi una wiki nne za kuweka pingamizi. Pingamizi linafaa kama wamekosea kusoma jambo lililokuwemo kwenye faili, kwa mfano wamesema hakuna ushahidi wa biashara na wewe ulileta leseni na kodi. Kama kweli kulikuwa na pengo, ni haraka zaidi kulijaza na kuomba upya. Hakuna muda wa kusubiri uliowekwa, ila ada unalipa tena. Kurudisha faili lile lile wiki inayofuata ni kutupa euro 135.

Dagaa na samli

Dagaa wakavu ruksa. Umoja wa Ulaya unamruhusu msafiri bidhaa za samaki kwa matumizi binafsi hadi kilo 20, kwa hiyo kilo mbili tatu za dagaa wa Mwanza hazina shida. Wafunge mara mbili na uandike ni nini, kwa heshima ya nguo zako na za wenzako. Samli hapana, wala maziwa ya aina yoyote, wala nyama kavu, wala soseji. Wanachukua na wanaweza kukutoza faini. Maembe hayapiti bila cheti cha afya ya mimea, ila mananasi, ndizi, nazi na tende vinapita bila cheti hicho. Fedha taslimu zinazofika euro 10,000 lazima zitamkwe forodhani. Na kadi ya homa ya manjano ibebe: Uholanzi hawaiulizi, lakini ukirudi kupitia nchi yenye ugonjwa huo na ukakaa uwanjani zaidi ya saa 12, Tanzania itaitaka. Chanjo moja inatosha maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi.